Leteni Mwalimu Kwanza, Ndio Mtuchagulie Hisabati

Mnakumbuka zile kelele za hisabati za 2025? Wizara ya Elimu ilikuwa imesema mwanafunzi wa Gredi ya 10 ambaye hachukui sayansi anaweza kuachana na hesabu kabisa. Kenya nzima ikawaka. Wazazi, walimu, wahandisi, hadi makanga wa Rongai walikuwa na maoni. Aprili mwaka huo huo Waziri Julius Ogamba akarudi na jibu: sawa, hisabati ni lazima kwa kila mtu, lakini zitakuwa mbili. Kuna Core Mathematics ya wale wanaofuata njia ya STEM, na Essential Mathematics ya wengine wote. Watu wakapiga makofi, wakarudi kwa simu zao, stori ikaisha.

Mimi ni wa Liboi. Kwetu stori haikuisha, manake hata haikuwa imeanza. Nairobi ilikuwa inabishana kuhusu mtoto asome hisabati gani. Swali la Liboi ni la zamani na ni fupi kuliko hilo: nani ataifundisha?

Kwa wale hawajui Liboi: panda basi Eastleigh, pita Thika, pita Mwingi, vuka mto Tana uingie Garissa, enda Dadaab, halafu bado uende. Ni kama kilomita 550 kutoka Nairobi. Mbele yako ni mpaka, na ng'ambo ya mpaka ni Dhobley, Somalia. Mwaka wa 1991 Somalia ilipoanguka, wakimbizi walifikia kwetu kabla hata hayo makambi ya Dadaab hayajakuwa makubwa hivyo. Sai tunatokea kwa habari za saa moja tukiwa na mambo mawili tu, mlipuko au ukame. Hisabati haijawahi kutupeleka kwa TV.

Basi acha niipeleke mimi. Msimamo wangu ni huu, na siupindi: ukiweka hisabati mbili katika nchi ambayo walimu hawajagawanywa sawa, anayechagua si mtoto. Inachagua ramani. Mtoto wa Liboi atapewa ile nyepesi, si kwa sababu anataka kuwa msanii au mwanasheria, ni kwa sababu alizaliwa mahali ambapo mwalimu wa ile nzito hafiki.

Nionyeshe venye itafanyika.

Kwa karatasi, kila shule ya sekondari ya juu lazima iwe na njia ya STEM. Serikali inataka asilimia 60 ya wanafunzi wapite huko, asilimia 25 sayansi za jamii, na asilimia 15 sanaa na michezo. Karatasi ni safi kabisa. Sasa chukua shule ambayo ina mwalimu mmoja wa hisabati kwa madarasa yote, au hana hata huyo, kuna mwalimu wa somo lingine anasaidia akipata nafasi. Mwalimu mkuu afanye nini? Anajua akiwaweka watoto 50 kwa hisabati nzito bila mwalimu, matokeo yatamwabisha yeye na shule. Kwa hivyo atawaita kwa upole na kuwaambia, "Wanangu, chukueni ile nyepesi, mtapita vizuri." Ni mtu mzuri anajaribu kuokoa shule yake. Lakini mtoto wa miaka 15 ametoka kwa hiyo ofisi amefungiwa mlango wa uhandisi, wa udaktari, wa urubani, wa kuunda programu za kompyuta, na hakuna mtu amemwambia kuna mlango umefungwa. Anarudi nyumbani akisema "nimechagua."

Mnadhani natunga? Mimi nimesoma bila mwalimu. Shule siitaji, manake ziko nyingi na zote zinafanana. Kidato cha pili tulimaliza muhula mzima bila mtu wa hisabati. Vitabu vilikuwa, ubao ulikuwa, chaki ilikuwa. Kipindi cha hisabati kilikuwa kwa ratiba kila siku kama bango la mwanasiasa: sura unaiona, mwenyewe humwoni. Kiranja wa darasa alikuwa ananakili kitabu ubaoni, sisi tunanakili ubao. Mlinganyo wa x mraba niliuona mara ya kwanza ukiandikwa na kijana ambaye naye alikuwa anauona mara ya kwanza. Tulikuwa tunaujua kwa macho, kama venye unamjua jirani ambaye hujawahi kumsalimia.

Halafu Novemba inafika. Karatasi ni ile ile ya mtoto wa Nairobi, msimbo 121, mbili za masaa mawili na nusu kila moja, alama mia kwa mia. Na tangu 2023, gredi ya KCSE inahesabiwa kwa hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano uliyofanya vizuri zaidi. Kiswahili kikikuangusha una Kiingereza. Hisabati ikikuangusha, haina mbadala. Wale wa mwisho wa 8-4-4 wataikalia hiyo karatasi 2027, na hakuna swali ndani yake linalouliza kama ulikuwa na mwalimu.

Matokeo yakitoka, nchi inasoma orodha na kusema: Kaskazini Mashariki wamefeli tena. Hapana. Mtu hufeli kitu alichofundishwa. Kile ambacho hukufundishwa hukufeli. Ulinyimwa.

Sasa walimu walienda wapi? Hapa lazima tuongee kama watu wazima, manake kuna damu.

Tarehe 22 Novemba 2014, basi la kutoka Mandera kwenda Nairobi lilisimamishwa na al-Shabaab na watu 28 wakauawa, walimu wakiwa miongoni mwao, wakienda likizo. Tarehe 2 Aprili 2015, Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148. Tarehe 13 Januari 2020, walimu watatu waliuawa Kamuthe, hapo hapo Garissa. Baada ya hiyo, Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, ikawaondoa walimu wasio wenyeji kutoka sehemu kubwa ya Garissa, Wajir na Mandera. Shule zikabaki na majengo.

Sitawaita hao walimu waoga. Hakuna somo la aljebra lenye thamani ya maisha ya mtu, na mama wa Kitui au Bungoma ana haki ya kutaka mtoto wake arudi nyumbani. Na kabla mtu hajaniuliza sisi tulikuwa wapi, mkumbukeni Mwalimu Salah Farah. Desemba 2015, basi la kuelekea Mandera lilishambuliwa, magaidi wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu wakakataa. Salah Farah, mwalimu, Mwislamu, alipigwa risasi hapo na akafariki Januari 2016. Kwa hivyo msituambie kaskazini hatujui thamani ya mwalimu. Sisi pia tumezika.

Lakini kuna kitu sikubali. Kuondoa walimu kulichukua wiki chache. Kuwarudishia watoto walimu imechukua miaka, na bado. Serikali ilikuwa na mpango wa kutoa watu, haikuwa na mpango wa kuingiza wengine. Kama moto ungechoma sekondari kubwa ya Nairobi, hiyo wiki ingekuwa na hema, madawati na walimu wa kushikilia. Sisi tulipewa pole.

Sasa wacha niende kwa ile inaniuma zaidi. Kuna watu wanaamini, na wengine wanasema waziwazi, kwamba sisi wariah ni watu wa biashara na mifugo, kichwa cha hesabu hatuna. Ati hata hiyo nyepesi ni msaada.

Haya. Chukua kalamu.

Mtu amefariki. Ameacha mke mmoja, vijana wawili wa kiume, mabinti watatu, na ngamia 40. Gawa mirathi kwa sheria ya Kiislamu. Mke akiwa na watoto anapata moja ya nane. Kinachobaki ni cha watoto, na mwana wa kiume anachukua mara mbili ya binti. Nani anapata ngapi?

Kwetu, mzee mwenye ndevu nyekundu za hina chini ya mti atakujibu kabla chai haijapoa. Moja ya nane ya 40 ni 5, hiyo ni ya mjane. Zinabaki 35. Binti muite x. Mwana ni 2x. Wana wawili ni 4x, mabinti watatu ni 3x, jumla 7x. Kwa hivyo 7x ni 35, na x ni 5. Kila binti ngamia 5, kila mwana ngamia 10. Mzee hajawahi kuandika x maishani mwake. Yeye anaita "fungu". Lakini alichofanya ni aljebra, na ni ile ile inayowatoa jasho nyinyi kwa karatasi ya kwanza.

Bado hujashawishika? Zaka ya ngamia. Ukiwa na 4 hutoi kitu. Kutoka 5 hadi 9 unatoa mbuzi mmoja, 10 hadi 14 wawili, 15 hadi 19 watatu, 20 hadi 24 wanne. Ukifika 25 unatoa ngamia jike wa mwaka mmoja. Chora hiyo kwa grafu uone ngazi yenye vidato visivyolingana, kitu ambacho kitabu cha hisabati kinaleta baadaye sana kama mada ngumu. Mtoto wa duksi ameikariri na miaka kumi. Na kijana anayebadilisha pesa mpakani, anatoka shilingi ya Kenya kwenda dola kwenda shilingi ya Somalia halafu anarudi na faida, kwa kichwa, mteja akimharakisha, huyo mnamwambia hajui uwiano?

Na hii si bahati tu. Neno lenyewe, aljebra, ni Kiarabu: al-jabr. Lilitoka kwa kitabu cha Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad miaka ya 820 hivi. Aliandika kwa ajili ya nini? Kwa watu wa biashara, wapima mashamba, na wagawa mirathi. Sehemu kubwa ya kile kitabu ni mambo ya urithi tu: mtu amekufa, ameacha hawa na wale, gawa. Yaani lile swali la ngamia 40 si mfano niliolazimisha ili hisabati ionekane ya kwetu. Aljebra ilipata umbo lake katika maswali ya aina hiyo. Na jina la huyo mzee, al-Khwarizmi, likipita kwa ndimi za Wazungu, ndilo lilizaa neno algoridhimu. Hiyo algoridhimu ya TikTok mnayosema imewaficha? Sema asante kwa mzee wa mirathi.

Sasa niambie jinsi mtoto wa Liboi anaweza kukaa miaka minne darasani bila mtu hata mmoja kumwambia hivyo. Anafundishwa, akibahatika kufundishwa, kwamba hisabati ni kitu cha wageni kilicholetwa na basi na kikaondoka na basi.

Kuna mtu alishalielewa hili, na elimu yake ilipita Afrika Mashariki. Anaitwa Bob Moses, Mwamerika Mweusi. Mwaka wa 1964 alikuwa miongoni mwa viongozi wa ile kampeni ya Mississippi ya kuandikisha Weusi kupiga kura, kazi ambayo watu waliuawa kwa sababu yake. Baadaye alihamia Tanzania na mke wake, akafundisha hisabati huko hadi katikati ya miaka ya 1970. Aliporudi Marekani, binti yake akafika darasa la nane katika shule ambayo haikuwa na aljebra. Moses akaenda kuifundisha mwenyewe. Hapo ndipo ulizaliwa mradi wake wa aljebra, mwaka wa 1982, na akaufanya hadi uzeeni, alifariki 2021.

Hoja yake ilikuwa rahisi, na mimi naikopa mzima mzima. Zamani walikufungia nje kwa kukunyima kura. Siku hizi za kompyuta wanakufungia nje kwa kukunyima aljebra, halafu wanasema ulishindwa mwenyewe. Kwa hivyo aljebra ni haki ya raia, kama kitambulisho. Na watu wa kaskazini tunajua kitambulisho ni nini, manake tumepigwa msasa miaka mingi kupata kimoja.

Moses alikuwa anawapandisha watoto treni ya mjini Boston, wanapita vituo, wakirudi darasani wanageuza ile safari kuwa mstari wa namba: nyuma ni hasi, mbele ni chanya. Sisi hatuna treni lakini tuna barabara. Weka Dadaab iwe sifuri. Garissa ni kama hasi 100. Liboi ni kama chanya 80. Sasa muulize mtoto: kutoka Garissa hadi Liboi ni kilomita ngapi, na mbona unatoa namba hasi unapata namba kubwa zaidi? Mtoto ambaye ametapika kwa hiyo barabara ataelewa namba hasi siku moja. Hiyo haihitaji tableti. Inahitaji mwalimu anayejua barabara.

Najua mko na majibu. Nimeyasikia yote.

La kwanza: "Maze, aljebra ya nini? Mimi sijawahi kuitumia tangu nitoke shule." Sawa kabisa. Lakini hiyo ni anasa ya mtu ambaye mlango ulikuwa wazi na akaamua kutopita. Wewe ulifundishwa, ukaamua hutaki, ukaenda kuwa DJ. Heko. Mtoto wa Liboi hajafika mahali pa kuamua. Pia fikiria hivi: mama akienda kujifungua kwetu, mara nyingi anataka daktari mwanamke. Huyo daktari atatoka wapi? Atatoka kwa msichana wa Gredi ya 10 ambaye leo anaambiwa "chukua ile nyepesi, dada, utapita." Tena msichana ana kesi mbili: ukame ukija yeye ndiye anatumwa maji, na kipindi anachokosa hakirudi. Ukimpa hisabati nyepesi kwa sababu amekosa vipindi, umemwadhibu kwa kuchota maji.

La pili: "Si wasome kwa YouTube?" Nani, na bando la nani? Wewe mwenyewe una YouTube, una tuisheni ambayo rasmi imepigwa marufuku lakini kila Jumamosi uko huko, na bado unalia hisabati ni ngumu. Video inasaidia mtu aliyekwama hatua ya tatu. Haimsaidii mtu ambaye hajui amekwama. Serikali ya Jubilee iliahidi watoto wa darasa la kwanza laptopu 2013. Ahadi ile ilitufundisha kwamba ni rahisi kusafirisha sanduku kuliko kusafirisha mtu.

La tatu, na hili ndilo gumu: "Kwani nyinyi wenyewe mnafanya nini?" Hili nalikubali, na nalielekeza kwa watu wetu. Tuna matajiri wenye majengo Eastleigh yanayofika mawinguni. Tuna wabunge wenye CDF. Tuna vijana waliohitimu vyuo vikuu ambao wakisikia kazi ya ualimu wanacheka, wanataka NGO yenye gari jeupe na bendera. Harambee ya mgombea inajaa usiku mmoja. Mshahara wa mwalimu wa bodi wa hisabati unakosekana mwaka mzima. Wazee wetu hukaa siku tatu kusuluhisha kisima, na wako sawa. Sijawahi kuona wakikaa hata mchana mmoja kwa sababu kidato cha tatu hakina mwalimu wa hesabu. Mtoto ni kisima pia, wazee wangu. Hili semeni mmelisikia.

Lakini msitumie makosa yetu kujifichia. Hii shida iliandikwa. Waraka Nambari 10 wa 1965 ulisema pesa za maendeleo zipelekwe mahali zitakapozaa haraka: penye ardhi nzuri na mvua, barabara na umeme, na watu walio tayari kwa maendeleo. Sisi wakati huo tulikuwa kwenye vita vya Shifta na hali ya hatari. Hesabu ya huo waraka ni rahisi: aliye nacho aongezewe, kitamwagika kifikie wengine. Miaka 60 baadaye bado tunangoja kimwagike.

Fuata huo mstari hadi kwa hisabati yenyewe. Mwaka wa 1998 Kenya na Japani walianzisha SMASSE, mradi wa kuwanoa walimu wa hisabati na sayansi wa sekondari. Mradi mzuri, umesifiwa hadi nchi nyingine za Afrika. Ulianza na wilaya tisa za majaribio. Kaskazini Mashariki haikuwa na hata moja kati ya hizo tisa. Sisemi walikaa wakapanga kututenga. Nasema hakuna aliyehitaji kupanga. Mkono wa serikali ulishazoea kuishia Mwingi.

Halafu Katiba ya 2010 ikaja na Hazina ya Usawazishaji, Kifungu cha 204, nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kwa miaka 20 ili maeneo yaliyoachwa nyuma yafikie wengine. Soma huduma zilizotajwa: maji, barabara, vituo vya afya, umeme. Zote twazihitaji, wallahi. Lakini mwalimu hakutajwa.

Sasa nataka nini? Ni mambo manne, na hakuna hata moja la kwenda mwezini.

Moja. Mtoto asiwekwe kwa hisabati nyepesi kwa sababu shule haina mwalimu wa ile nzito. Iwe kanuni, iandikwe. Mwanafunzi akitaka STEM na shule haina mtu, hilo ni deni la TSC, si kasoro ya mwanafunzi. Na kila mwaka Wizara itoe orodha, kaunti kwa kaunti: wangapi wako kwa nzito, wangapi kwa nyepesi, na walimu wa hisabati ni wangapi. Tukiona Garissa yote imeangukia upande mmoja, tutajua si vipaji.

Mbili. Fundisheni walimu kutoka kwetu. Mwaka wa 2018 Wizara ilijaribu kushusha alama za kuingia vyuo vya ualimu kwa kaunti zilizotengwa, TSC ikapinga, ati viwango. Mimi naona wote waliangalia mlango wakasahau njia. Usishushe mlango halafu umwache mtu hapo. Mchukue kijana aliyepata alama za chini kwa sababu hakufundishwa, mpe mwaka mzima wa hisabati yenyewe, umlipie, ndio aingie chuo kwa alama za kila mtu, na akimaliza arudi afundishe nyumbani kwa miaka kadhaa. Inawezekana. Tangu 2013, pale Dadaab, vyuo vikuu vya Kenyatta na Moi wakishirikiana na York ya Kanada wamewafundisha ualimu wakimbizi na wenyeji, wengi wao wakiwa tayari wanafundisha makambini. Kama imewezekana ndani ya kambi ya wakimbizi, nani ataniambia haiwezekani nje yake?

Tatu. Kabla ya Gredi ya 10 kugawanywa, tupeni muhula wa kuziba mashimo. Mtoto aliyekosa mwalimu Gredi ya 8 hawezi kupimwa Gredi ya 9 na kuhukumiwa kwa maisha. Na mlango wa kuhama kutoka nyepesi kwenda nzito ubaki wazi hadi Gredi ya 11, na msaada uwepo, sio mlango wa kuchorwa ukutani.

Nne. Vitabu viwe na ngamia. Sisemi hivyo kuchekesha. Mirathi, zaka, bei ya mbuzi soko la Garissa, ubadilishaji wa pesa mpakani, maziwa yanayoharibika njiani. Mtoto wa Nyeri anapewa hesabu za kahawa na majani chai na hakuna anayeziita siasa.

Kwa nyinyi wa Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru: 2025 mlipiga kelele wiki chache na waziri akabadilisha msimamo. Mliona nguvu mliyo nayo. Mlipigania hisabati isiwe hiari kwa watoto wenu. Sasa pigania kitu kimoja zaidi, kwamba mwalimu asiwe hiari kwa watoto wetu. Ukisikia mtu akisema watu wa huko hawapendi shule, usibishane naye. Mwulize tu: mwalimu wao wa hisabati ni nani?

Na walalo zangu wa Garissa, Wajir, Mandera, na ndugu wa Turkana, Samburu, Marsabit na Tana River ambao mnasoma hii mkitikisa kichwa: enda shule iliyo karibu na wewe wiki hii. Usiende na kamera. Uliza swali moja, walimu wa hisabati ni wangapi na wanafunzi ni wangapi, kisha uandike kaunti na hizo namba mbili hapa, bila jina la shule wala la mwalimu. Gawa namba moja kwa nyingine.

Kisha tuwatumie hiyo hesabu waliotuambia hatujui hesabu.